Kibarua wa Chuma

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Somoe na mama yake walibeba vikapu, jembe fupi na madebe mawili, wakashuka kwenye uwanda wa chumvi ulio nyuma ya mikoko, mwendo wa saa moja kutoka kijijini kwao Mtawanya. Kazi ilikuwa ileile kila wiki. Walikwangua udongo uliokauka na kuota unga mweupe juu yake, wakaujaza vikapuni, wakaumiminia maji na kuyakinga yalipochujika chini. Kisha waliyachemsha mpaka maji yaishe na chumvi ibaki. Debe moja lilitaka mzigo wa kuni na nusu siku ya kukaa kando ya moto.

Somoe aliidharau kazi hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana pekee katika darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wavulana wote. Akili alikuwa nayo, hilo hakuna aliyelikataa. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe alilijua mno. Alipowatazama wanawake wa kijiji wakipuliza moto, macho mekundu kwa moshi, alijiambia kwamba hao wamezaliwa kwa ajili ya madebe, na yeye amezaliwa kwa ajili ya jambo jingine. Jambo gani, alikuwa bado hajui.

Alilijua mwaka ule wa 1949, siku Mwalimu Ismaili alipoleta darasani jarida la Kizungu alilopewa na fundi mmoja wa bandari mpya ya Mtwara. Jaladani palikuwa na picha ya chombo kama yai refu kikishuka mwezini. Mwalimu aliwaeleza kwamba chombo hicho hakipo. Huko Ulaya na Marekani, alisema, kuna watu wanaokaa mezani, wanabuni mashine ambazo hazijawahi kutengenezwa na safari za kwenda kwenye nyota, wanaandika hadithi zake, wanaziuza, na fedha hizo ndizo zinazowalisha. Bakari, aliyekaa dawati la mbele, aliuliza kama hao wanunuzi wana wazimu. Darasa zima likacheka. Somoe hakucheka. Alikuwa anawaza watu wanaolipwa wakiwa wamekaa kivulini.

Jumamosi iliyofuata alikwenda uwandani na karatasi nne alizozijaza kwa kalamu. Aliwaambia wanawake kwamba atawasomea hadithi ya watu waliosafiri mpaka mwezini kwa chombo cha kioo, na kila anayesikiliza atoe senti tano. Asha, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, alimuuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Somoe akajibu kwa fahari kwamba ameitoa kichwani mwake.

"Basi irudishe kichwani," Asha alisema. "Chumvi yangu inaungua."

Hakupata hata senti moja. Wiki ya pili alileta hadithi ya taa inayosikia maneno, na wiki ya tatu ya meli inayotembea kwa miguu chini ya bahari kama kaa. Wanawake walimwacha asome kwa sababu moto hauna mazungumzo, lakini alipofika kwenye habari ya senti waligeuza nyuso. Mmoja alisema kuwa uongo wa bure anaupata nyumbani kwa mumewe kila siku, haoni sababu ya kuulipia. Somoe alikunja karatasi zake. Moyoni aliwaita wajinga, tena si mara moja.

Wiki ya nne alileta Kibarua wa Chuma. Huyo alikuwa mtu wa mashine, mrefu kama mlango, mwenye mikono minne. Halali usingizi wala hali chakula. Ukimwonyesha shamba asubuhi, jioni amelifyeka, amelilima na kulitengenezea matuta ya mihogo. Hadithi ilikuwa nzuri, na hapo ndipo lilipotokea kosa. Asha aliuliza swali lake lilelile, kama na hii imetoka kichwani. Somoe alitazama nyuso zile zilizokuwa tayari kumdharau, akasema, "Hii imeandikwa gazetini. Mimi nimeinakili tu."

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma, kijana mmoja aitwaye Jumanne, aliyewahi kuwabebea wapima ardhi vyombo vyao, alikuja kijijini akasema kwamba kuna chuma kinakuja kuangusha msitu kwa siku moja ili ilimwe karanga na ijengwe reli. Wanawake hawahawa walimcheka mpaka akahama baraza. Asha alimuuliza kama chuma hicho kinakula ugali au wali. Haukupita mwaka, matingatinga yalishushwa pwani, yakapita kando ya kijiji yakinguruma, na miti waliyoizoea tangu utotoni ikalala chini kama nyasi. Tangu siku hiyo wanawake wa Mtawanya waliogopa sana kucheka jambo lolote la chuma.

Wakatoa senti tano tano. Wakataka na sehemu ya pili.

Somoe aliandika sehemu ya pili, na ya tatu. Wanawake walikuwa na maswali, naye alikuwa na majibu. Waliuliza meli ipi itamleta huyo kibarua, akawatajia mwezi wa kumi na moja. Waliuliza bei yake, akasema ataazimwa. Bi Sharifa, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili wasio na wazazi, aliuliza kwa sauti ndogo nani atapewa kwanza. Somoe alimwona mama yule amejisogeza mbele, mkono umeshika goti, akapenda alivyosikilizwa. Akasema watakaotangulia ni wajane, tena bure, waende tu kujiandikisha bandarini, akaliandika na hilo chini ya karatasi. Bi Sharifa akanunua na karatasi yenyewe kwa senti kumi, ingawa hajui kusoma, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga yake.

Mama yake Somoe, Mwanakombo, hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa mwanamke asiyekaa. Wenzake walipokusanyika kusikiliza, yeye aliingia mikokoni kukata kuni, na aliporudi alimwuliza binti yake kama amechochea moto.

Sasa wanawake wa kijiji walikuwa na utaratibu wao wa kulimiana. Walikuwa wanane. Kabla ya mvua za Desemba waliingia shamba la mmoja kwa siku tatu, wote pamoja, wakalifyeka na kulilima, kisha wakaenda la mwingine, kwa zamu waliyopanga mapema. Zamu ikishapita imepita, maana mvua haingojei mtu. Mwanamke aliyezeeka, au asiye na mume, bila zamu hiyo hana shamba la mwaka.

Zamu ya Bi Sharifa ilipokaribia, aliwaambia wenzake mbele ya wote kwamba haihitaji. Aliyetaka aichukue. Yeye angesubiri mwezi wa kumi na moja. Asha alikuwa na shamba kubwa upande wa Naliendele, akaichukua siku hiyohiyo kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Somoe alisikia habari hiyo. Angeweza kwenda kwa Bi Sharifa, nyumba ya tatu kutoka kwao, na kusema neno moja. Badala yake alijipa sababu. Alijiambia kwamba hakumtuma mtu kuacha zamu yake. Alijiambia kwamba mtu mzima anayeamini mashine ya mikono minne anastahili analopata. Zaidi ya hayo, wiki ile alikuwa ameahidi sehemu ya nne.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia. Mama yake akamtuma kuuza chumvi kwenye kambi ya wafanyakazi wa bandari. Alipofika karibu na geti aliona watu wamekusanyika wakicheka, akasogea kuona kuna nini. Katikati yao alisimama Bi Sharifa, amevaa kanga zake mpya, zile za Idi. Karani wa getini alikuwa ameshika karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Somoe aliutambua mwandiko wake kabla hajaisikia.

Karani aliisoma kwa sauti, akizinyoosha herufi kama anayeigiza kasisi. Alisoma kuhusu mikono minne. Aliposoma kuhusu wajane, vibarua wawili walishikana mabega ili wasianguke kwa kicheko. Bi Sharifa alisubiri amalize, kisha akamwuliza kwa adabu aandikishe jina lake wapi.

"Bibi, hii ni hadithi ya mtoto," karani akamwambia. "Tena mtoto mvivu. Nani amekuuzia takataka hii?"

Bi Sharifa alinyoosha mkono, akarudishiwa karatasi yake, akaikunja taratibu kama mwanzo. Akageuka. Hapo macho yake yalikutana na ya Somoe, aliyesimama na kikapu cha chumvi kichwani. Kila mtu pale alikuwa anangoja jina. Mama yule alisema tu kwamba ameiokota njiani, akaondoka, kanga zake mpya zikivuta vumbi.

Somoe hakuuza chumvi siku hiyo. Alimfuata kwa mbali mpaka kijijini, akimwona anavyotembea, na kwa mara ya kwanza hakupata sababu ya kujipa. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anatwanga mihogo mikavu uani. Akamweleza yote, kuanzia chombo cha kioo hadi getini.

Mwanakombo hakumkatiza. Hakupiga kelele wala hakutafuta fimbo. Alipomaliza kusikia alijipangusa unga mikononi, akamtazama binti yake kama mtu anavyotazama samaki aliyeoza ambaye amemnunua mwenyewe.

"Umewaona wajinga kwa sababu wamekuamini," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma kati yao. Walikuwa wamwamini nani, mbuzi?"

Somoe akaanza kulia. Mama yake akamwambia machozi hayalimi, ayaweke, kisha akamwuliza senti zote ziko wapi. Zilikuwa kwenye kopo chini ya kitanda, alikuwa ameziweka kwa ajili ya viatu. Wakaenda nyumba kwa nyumba jua likiwa bado juu. Mlangoni pa kila mwanamke Somoe alirudisha kilichotolewa na kusema kwa maneno kamili kwamba Kibarua wa Chuma hayupo, hakuandikwa gazetini, na yeye alidanganya ili alipwe. Mama yake alisimama nyuma yake bila kusaidia hata neno moja. Somoe akinong'ona, aliambiwa arudie kwa sauti.

Wanawake hawakumhurumia. Mmoja alimwambia aliijua hila yake tangu mwanzo, jambo ambalo halikuwa kweli. Mwingine alichukua senti zake akafunga mlango. Asha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema zamu ya Bi Sharifa haiwezi kurudi, maana shamba lake limekwisha kulimwa na jasho la watu halirudishwi ndani. Kama alitaka kumtafutia mjane mlimaji, aende gazetini akamnakili mwingine.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Sharifa. Alikuwa ameketi kizingitini, amevua kanga mpya, wajukuu wake wamelala mkekani. Somoe alimwamkia, akapiga magoti, akaweka senti zake chini. Bi Sharifa hakuzigusa.

"Tulimcheka Jumanne, tukaonekana wapumbavu," alisema. "Yako sikuicheka, nikaonekana mpumbavu zaidi. Mimi sijui kusoma, mwanangu. Nilikushika mkono, ukanipeleka shimoni huku unaniona."

Mwanakombo akasema hapo hapo kwamba zamu moja imebaki, ile ya mwisho, na ni yake. Wiki ijayo wanawake wanane wataingia shamba la Bi Sharifa. Mjane yule alikataa, akauliza wao watakula nini mwakani, na baba yake Somoe yuko kwenye reli, anarudi mara moja kwa mwezi. Mwanakombo akajibu kwamba asiwe na shaka, kibarua amekwisha kushuka bandarini.

"Yuko hapa," alisema, akimsukuma Somoe bega. "Ana mikono miwili tu, lakini atazoea."

Wiki ile wanawake walilima shamba la Bi Sharifa kwa siku tatu, matuta yakapangwa vizuri, mstari hadi mstari. Walikuja wakinung'unika lakini walikuja wote, hata Asha, maana zamu ni zamu. Shamba la Mwanakombo lilibaki na vichaka vyake. Somoe aliingia humo kila alfajiri kabla ya shule na kila alasiri baada ya shule. Siku ya kwanza viganja vilivimba, siku ya pili vikapasuka. Mama yake alimfunga vitambaa, akamrudisha kazini. Wanawake waliopita njiani kwenda kisimani walimsalimu kwa jina lake jipya. Kibarua wa Chuma hajambo? Kibarua wa Chuma leo amekula? Mbona tunasikia wewe huchoki? Somoe aliitikia na kuendelea kukata visiki. Alikuwa amegundua kwamba jembe halina sehemu ya pili unayoweza kuahidi wiki ijayo. Ama umelima, ama hujalima.

Darasani Mwalimu Ismaili aliuliza juu ya vitambaa vya mikononi. Akamwambia ukweli. Mwalimu alisikiliza, akasema ataisoma hadithi hiyo apate kuona ni uongo wa namna gani uliowashinda watu wazima. Akairudisha siku ya pili. Kwenye mstari wa kwanza aliandika kwa wino mwekundu kwamba sehemu ya mikono minne ni nzuri sana, na kwamba ni aibu kubwa mtu mwenye uwezo huo kuuza kwa kudanganya.

Mvua zikaanza katikati ya Desemba. Siku hiyo, kati ya mashamba manane, saba yalikuwa tayari yote, na la nane, la Mwanakombo, lilikuwa limelimwa zaidi kidogo ya nusu. Nusu iliyobaki ilimea majani. Mwaka ule walikula mihogo kwa kupima, na Somoe hakununuliwa viatu. Lakini mbegu za Bi Sharifa zilishika zote, na hapakuwa na mtoto aliyelala njaa nyumbani kwake.

Ilikuwa wakati wa kupalilia, wanawake wamekaa pembeni mwa shamba la Bi Sharifa wanakula, ndipo mjane yule alipomwita Somoe. Alimwuliza kama bado anaandika. Somoe akasema anaandika, lakini hasomi. Bi Sharifa akamtaka asome. Wengine wakageuka kumtazama. Asha aliacha kutafuna.

Somoe alisimama. Alikuwa na karatasi, kwa kweli alikuwa nazo kila siku, amezikunja ndani ya kitambaa. Kabla hajasoma hata mstari mmoja alisema kwamba hii ni hadithi. Ameitunga mwenyewe. Ndani yake kuna mji uliojengwa chini ya bahari na watu wanaopumua maji, na mji huo haupo, wala watu hao hawapo, wala hakuna gazeti lililowaandika. Anayetaka kusikiliza asikilize kwa kupenda.

"Na bei?" Asha akauliza.

Somoe alisita. Akasema senti moja.

"Hiyo imeshuka," Asha akasema. Akafungua pindo lake hata hivyo, huku akilalamika kwamba senti ya uongo uliotangazwa ni afadhali, angalau mtu anajua anachobeba kwenda nacho nyumbani. Wanne wengine walitoa. Wawili hawakutoa, wakasikiliza bure, wakidai wanapumzika tu.

Alisoma. Walicheka palipochekesha. Alipofika mahali ambapo samaki walivua watu kwa ndoana, Bi Sharifa alipiga paja lake na kusema hayo ni mambo ya kipuuzi kabisa, aendelee.

Jioni walipokuwa wakirudi nyumbani, Somoe alitembea nyuma ya mama yake, senti tano mkononi. Zamani kwa sehemu moja alipata mara saba ya hizo. Alimwuliza mama yake kama ni vibaya kuuza mambo yasiyokuwepo.

Mwanakombo hakugeuka wala hakupunguza mwendo.

"Kubuni si kosa," alisema. "Mwalimu wako anasema unajua, na mimi leo nimekaa chini kukusikiliza, jambo ambalo sina muda nalo. Lakini chumvi nauza kwa jina la chumvi. Nikiuza mchanga kwa jina la chumvi, atakayeharibu chakula si mimi, ni aliyeniamini. Uza hadithi kwa jina la hadithi, ulipwe senti moja, ule ukiwa umeinua uso. Na kesho uamke mapema. Nusu ya shamba letu imejaa majani, na huyo wa mikono minne hajafika."